Theluji ya Dola 22

Oda iliingia Jumanne saa nne usiku, mvua ikinyesha Nakuru ile ya kupiga mabati mpaka humsikii jirani akikohoa. Kurasa tisa, saa kumi na nane, dola 22. Mada: panga safari ya majira ya kuchipua ya kupanda kwa skii mlima wa mbali wenye barafuto, kisha kushuka kwa skii hizo hizo. Somo la michezo ya nje, chuo fulani cha Marekani. Niliisoma mara tatu. Kwani kuna watu wanaosomea digrii ya kwenda piknik? Halafu nikabonyeza kitufe cha kuichukua kabla mtu mwingine hajaninyang'anya, kwa sababu dola 22 ni dola 22.

Kama huifahamu kazi hii, basi unamfahamu mtu anayeifanya. Ni yule jirani ambaye taa yake haizimwi. Tunaandika insha za wanafunzi wa ng'ambo. Akaunti si yangu, naikodisha kwa jamaa wa Nairobi anayekata dola 8 kwa oda kama hiyo, nami nabaki na 14. Nimewahi kuwa muuguzi wa Ohio, mjane wa Texas anayerudi shule, na mwanajeshi mstaafu mwenye maoni makali kuhusu bima ya afya. Siku hizi oda zimepungua, tangu mashine zijifunze kuandika. Zilizobaki ni zile ambazo mwalimu ameweka mtego, kitu ambacho mashine haina.

Na kuna jambo ambalo hakuna mtu nyumbani alilijua wakati huo: mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha chuo. Mwaka wa tatu, Jiografia. Deni la karo lilifika elfu 61, jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani, nikatoka pale ofisini nikijiambia nitarudi wiki ijayo. Miezi minane baadaye bado nilikuwa natoka nyumbani Kiti kila asubuhi na begi mgongoni, namwambia mama naenda darasani, halafu nashuka mjini na kukaa maktaba nikiwaandikia watu wengine digrii zao. Mama alikuwa bado ananipa pesa. Muhula ule alikuwa amenipa 18,500 taslimu, noti zikiwa na harufu ya mitumba, akisema zilizobaki atatafuta. Sikuzitumia. Niliziweka M-Shwari na nikawa naziangalia.

Usiku ule nilijifunza mambo ya theluji kuliko mtu wa Nakuru anavyohitaji. Kumbe majira ya kuchipua yanachaguliwa kwa hesabu. Katikati ya baridi siku ni fupi, theluji mpya bado haijashikana na inaweza kuporomoka na wewe juu yake. Kiangazi nacho, nyufa za barafuto ziko wazi, nyingine zina kina cha ghorofa kadhaa. Ila Aprili na Mei, theluji imeshalala na kushikana, siku ni ndefu, na juu ya zile nyufa bado kuna madaraja ya theluji yanayoweza kubeba mtu, ingawa unatembea umefungwa kamba na wenzako, mmoja akitumbukia wengine wanalala chini na kumshikilia. Usiku theluji inaganda. Unaanza kupanda kabla ya mapambazuko ikiwa ngumu, unafika juu, unasubiri jua lilainishe sentimita chache za juu, ndipo unashuka. Ukichelewa inakuwa uji, na uji huo unateremka.

Nilichagua Mount Sanford, Alaska, mita 4,949. Terris Moore na Bradford Washburn ndio walioupanda kwanza, mwaka 1938. Barabara haifiki. Unashushwa na ndege ndogo, rubani anakwambia atarudi siku fulani hali ya hewa ikikubali, na asipokubaliwa unakaa. Kwa hiyo unabeba chakula cha siku ambazo huzipangi. Mafuta ya jiko unayahesabu kama maji, kwa sababu kila tone utakalokunywa litatokana na theluji uliyoyeyusha. Na kila mwandishi niliyemsoma alisisitiza saa ya kugeuka. Mnaiweka nyumbani, mkiwa mmeshiba na akili zimetulia: saa nane, kwa mfano. Ikifika saa nane mnarudi, hata kama kilele kiko hatua hamsini mbele, maana kule juu hakuna mtu anayefikiri sawasawa.

Nikawasilisha saa kumi alfajiri. Mchana ikarudi. Mteja alikuwa ameandika kwamba mwalimu anataka ukurasa mmoja wa uzoefu binafsi: mwanafunzi alijifunzia wapi skii, na nani alimfundisha.

Hapo ndipo nilimbuni babu.

Nilimpa ndevu nyeupe na kibanda cha mbao. Nikiwa na miaka sita ananifunga skii, ananisukuma kidogo mgongoni, ananiambia nipige magoti na niangalie ninapotaka kwenda, si ninapoogopa kuanguka. Iliandikika kwa dakika ishirini na ilinitoa machozi mimi mwenyewe, jambo ambalo bado linanikera. Babu yangu wa kweli alichuma pareto huko Molo maisha yake yote. Barafu aliyoijua ni mvua ya mawe, na akiisikia inakuja alikuwa anatukana kwa Kikuyu mpaka nyanya anafunga dirisha. Hakuwahi kunifundisha kitu chochote isipokuwa kukamua ng'ombe, na hata hiyo nilifeli.

Mteja alipata A kasoro kidogo. Mwalimu, nikaambiwa, alimpenda sana babu.

Ningesahau yote hayo kama si beli. Mama anauza jaketi za baridi mjini, na kama uliwahi kupanda boda Nakuru mwezi wa Julai basi umeshikilia kiuno cha jaketi ya mama. Jumamosi mbili baadaye tulifungua beli kutoka Gikomba. Kufungua beli ni kamari. Ukikata zile kamba na nailoni ikapasuka, dakika tano za kwanza zinakwambia kama mwezi huo mtalala njaa. Siku ile tulipata kamera kumi na mbili, yaani zile za kwanza kabisa, jaketi nzito za skii, zipu zote nzima. Wakati naziangalia mifuko nikapata kadi ya plastiki kwenye kamfuko kadogo ka mkono wa kushoto. Mama alidhani ni ya ATM. Ilikuwa na picha ya mlima na neno Sölden.

Niliitafuta kwenye simu. Sölden ni kijiji cha Austria, mbio za Kombe la Dunia za skii huanzia huko karibu kila Oktoba, juu kwenye barafuto. Mtu anaiweka kadi kwenye mkono wa jaketi, akipita pale mlangoni mashine inamsoma bila yeye kutoa chochote, kiti kinambeba juu. Mtu huyo alisahau kadi, akachoka jaketi, na sasa iko Nakuru ikisubiri mwendesha boda wa Kaptembwo.

Niliishika hiyo kadi nikaona aibu, na si ya udanganyifu wa insha, ile nilishaizoea. Niliona aibu kwa sababu nilikuwa nimeandika kurasa tisa za barafu na hata siku moja sijawahi kuigusa nje ya friji, nikiwa naishi nchi ambayo ina barafu yake.

Kila mtu aliyefanya Jiografia shule ya upili Kenya ameikariri. Bonde la Teleki lina umbo la U. Moreni. Ziwa dogo la mlimani. Tulizichora kwa kalamu ya HB tukapata alama zetu tukaenda zetu. Kilele cha Lenana kina mita 4,985. Nikatoa 4,949. Lenana iko juu ya Mount Sanford kwa mita 36, na kwenda huko hakuhitaji ndege, kunahitaji matatu ya Nyahururu.

Basi nikafungua ukurasa mpya kwenye laptopu, nikaandika kichwa kile kile cha oda, nikafuta Alaska.

Mtu wa kwanza kumpigia alikuwa binamu yangu wa Naro Moru, ambaye ni pota. Amebeba mizigo ya wazungu mlima huo tangu amalize darasa la nane.

"Unataka kufanya nini?"

"Skii. Pale Lewis."

Alicheka mpaka nikasikia mtu mwingine akimuuliza ni nini. "Wewe nawe. Utateleza sekunde ngapi? Hiyo kitu imekuwa kama kiraka. Njoo haraka ama utakuta mawe."

Hakuwa anatia chumvi. Barafuto ya Lewis, iliyoko kati ya Lenana na Nelion, ni kati ya barafu zilizopimwa sana kuliko zote za tropiki. Wajerumani Carl Troll na Karl Wien waliichorea ramani mwaka 1934, na watafiti waliorudi 2010 walikuta asilimia 90 ya ujazo wake imekwisha. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limesema barafu za Afrika Mashariki zitamalizika kufikia miaka ya 2040, na Mlima Kenya utatangulia kwa mwongo mmoja. Hesabu ni rahisi. Nitakuwa sijafika hata arobaini.

Kwa hiyo skii ilikuwa mzaha, lakini si mzaha mtupu. Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipeleka skii Kilimanjaro mwaka 1912. Na Philip Boit wa Eldoret, mkimbiaji, alipelekwa Finland akafunzwa skii, akashindana Nagano mwaka 1998 katika kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, alikaa pale mwisho kumsubiri amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie. Nilikuwa naijua hadithi hiyo tangu utotoni kama kichekesho cha Mkenya kwenye theluji. Nilipoisoma tena kama mtu anayepanga safari, nilichoona ni mtu aliyeona theluji kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima na miaka miwili baadaye yuko Olimpiki.

Swali la kwanza la mpango wowote ni lini. Sisi hatuna kuchipua. Kule juu, kama wanavyosema wenye kuujua, kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe. Wapandaji wengi wa Mlima Kenya huenda Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, kukiwa kukavu. Lakini Lewis iko upande wa kusini wa Lenana, na Januari jua liko kusini, linaipiga moja kwa moja. Juni jua liko kaskazini, upande ule uko kivulini, na theluji ya masika bado imelala juu ya barafu. Nikaandika: katikati ya Juni. Nilifurahi kama mtoto. Miaka mitatu ya chuo na hii ndiyo mara ya kwanza nilitumia mwelekeo wa jua kuamua jambo.

Halafu vifaa. Hapa nilipata walimu wazuri kuliko wa Alaska. Mwaka 1943 mateka watatu wa Kiitaliano walitoroka kambi ya Waingereza Nanyuki ili waupande mlima waliokuwa wanauona kila siku kupitia waya. Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakuwa na ramani, walikuwa na karatasi ya mkebe wa nyama iliyochorwa mlima. Mashoka ya barafu waliyapata kwa kugeuza nyundo, kucha za viatu kwa vyuma chakavu, kamba kwa mkonge wa vitanda. Batian iliwashinda, Barsotti alikuwa mgonjwa, lakini Februari 6 Benuzzi na Balletto walisimamisha bendera Lenana. Baadaye wakateremka wakajirudisha kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, wakakaa saba, kwa sababu mkuu wa kambi aliipenda roho yao ya michezo.

Ninachompendea Benuzzi ni zile wiki za kabla. Kambini hakuna Jumatatu wala Ijumaa, siku ni moja ndefu. Halafu mtu anaanza kuficha biskuti na ghafla kuna kesho. Miezi ile nilikuwa na siku moja ndefu. Bila ratiba ya masomo, bila mtihani, kalenda yangu ilikuwa dedilaini za watu nisiowajua. Sasa nilikuwa na tarehe.

Nikapeleka picha ya kucha za viatu kwa fundi wa jua kali anayechomelea mageti. Aliitazama, akaniuliza naenda kuiba kwa nani. Alinitengenezea jozi kwa nondo, elfu moja na mia mbili, na zilikuwa nzito kama dhambi. Binamu alipoziona kwenye picha alisema nimwachie fundi, yeye ana jozi ya mzungu aliyeiacha.

Mazoezi nilifanya Menengai. Kutoka mjini, mita 1,850 hivi, mpaka ukingo wa kreta, 2,278, na begi lenye pakiti sita za unga wa kilo mbili. Mara ya kwanza nilikaa chini mara kumi na moja na watoto wa shule wakanipita wakiimba. Ukiwa pale juu, upande mmoja ni shimo la kreta na mvuke wake, upande mwingine ni jiji letu na ziwa. Ziwa limekuwa likipanda tangu karibu 2010. Limemeza lango kuu la mbuga, limemeza nyumba na mashamba. Nilikuwa nakaa pale na unga wangu nikifikiria kwamba huku maji yametuzidi na kule yanatuisha. Najua si maji yale yale. Mawazo ya mtu aliyechoka hayasomi hidrolojia.

Mpango ulifika kurasa nne. Siku ya kwanza, kutoka lango la Naro Moru mpaka Met Station, mita 3,050. Siku ya pili, Mackinder's, 4,200, ukipita kinamasi kinachopanda kama ukuta. Siku ya tatu, kukaa hapo hapo bila kufanya lolote, na hii niliiandika kwa herufi kubwa, maana Mlima Kenya unaumiza watu kwa sababu barabara inakufikisha juu haraka kuliko mapafu yako. Maji yakiingia kwenye mapafu dawa ya kwanza ni kushuka, usiku huo huo. Siku ya nne, Austrian Hut, 4,790, na Lewis iko pale mlangoni. Siku ya tano Lenana, na kurudi.

Kisha bajeti. Ada ya mbuga, vibanda, pota, chakula, nauli, mfuko wa kulalia wa kukodi: 21,400. Nilikuwa na 4,100 yangu. Nikaandika chini yake, bila kutetemeka mkono: *M-Shwari, 18,500*. Jumla ikatosha, na ikabaki ya soda.

Nikaiacha hivyo siku tatu. Kila nikifungua ile faili nilisoma ratiba na kuiruka bajeti. Siku ya nne nilifika kwenye mstari niliokuwa nimeunakili kutoka kwa insha ya Alaska, saa ya kugeuka, na nafasi yake ilikuwa tupu. Nilitaka kuandika saa tano asubuhi. Nikakaa nikiangalia hilo pengo mpaka simu ikazima.

Usiku huo mama alikuwa akipiga pasi jaketi, kitambaa chenye maji juu ya kila kola. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, kuanzia lile deni. Alimaliza kola. Akaweka pasi.

"Mami, kaa chini."

Nikakaa.

"Miezi minane hujawahi kuniambia una mtihani. Mwanafunzi gani hana mtihani?"

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nangoja."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliniuliza pesa ziko wapi, nikazituma kwenye simu yake tukiwa tumekaa pale pale, akasoma ujumbe mpaka mwisho, pamoja na salio, akarudi kwenye pasi. Kwa wiki mbili alinipa salamu na chakula, basi. Asubuhi niliacha kubeba begi. Nilienda naye sokoni, nikapanga jaketi, nikaita wateja, jioni nikaandika oda zangu mezani pake badala ya kujificha maktaba.

Wiki ya tatu nilikuta kurasa zangu nne, ambazo nilikuwa nimezichapisha na kuzisahau ndani ya daftari lake la madeni, zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Alikuwa amekata chakula cha mikebe akaandika *chapo, njugu, maharagwe makavu, omena*. Alikuwa amekata mfuko wa kulalia, akaandika *Gikomba, mia nane*. Mbele ya pota aliandika *ni mtoto wa dada yangu*, akapunguza nusu. Mtu huyu anatoka Nakuru saa sita usiku, anafika Gikomba kabla ya alfajiri, anachagua beli kwa kuipiga teke na kuinusa, na akiona bei imepita ile aliyoiweka moyoni akiwa nyumbani, anarudi mikono mitupu. Sijui kwa nini nilidhani kupanga safari ni jambo nililojifunza kwa Wamarekani.

Jumla mpya ilikuwa 11,650. Ile 18,500 haikuwemo. Mbele ya *jaketi*, ambayo sikuwa nimeiweka kwenye bajeti, aliandika: *2,000, kwa deni*.

Nilihitaji oda tano na nusu. Nikapata sita, moja ikiwa kuhusu maadili katika biashara.

Tuliondoka katikati ya Juni, ukungu wa Nakuru umeshuka mpaka kwenye taa za barabara. Matatu ya Subukia mpaka Nyahururu, nyingine kwa njia ya Mweiga, nyingine mpaka Naro Moru. Mlima wenyewe sitausimulia sana, una wasimulizi wake. Kile kinamasi ni kibaya kuliko nilivyoandika. Lobelia ni kubwa kuliko nilivyochora. Mackinder's nililala siku nzima kichwa kikinigonga, pimbi wakiniibia njugu, na binamu kila saa ananiuliza jina langu na mwezi gani huu, kupima akili.

Skii hatukuwa nazo, bila shaka. Nilikuwa nimekuja na nailoni ya beli, ile nyeupe nzito, imekunjwa chini ya begi. Kwenye mpango iliandikwa *kinga ya mvua*.

Lewis tuliiona saa mbili asubuhi siku ya tano. Nilitegemea nyeupe. Ilikuwa ya kijivu, imechafuka kwa changarawe, na chini yake kuna ziwa lililotulia kama sahani. Ilikuwa inalia, sauti ya bomba lisilofungwa vizuri. Nilivua glavu nikaigusa. Ilikuwa ngumu, yenye vitundu, na ilinishika vidole kidogo kabla ya kuniachia. Binamu alisimama kando akavuta sigara. Akanionyesha kwa kidole mahali ilipofika alipoanza kazi, na mahali pale palikuwa mawe matupu, mbali kiasi kwamba ningelazimika kupaza sauti kumwita mtu aliyesimama hapo.

Pembeni, juu ya barafu, kulikuwa na theluji ya masika iliyobaki, mteremko wa labda mita arobaini. Nilifanya ilivyoandikwa. Niliangalia mwisho wake: tambarare, hakuna mawe, hakuna ufa. Nilipiga kwa kisigino, juu imelainika, chini ngumu. Saa nne kasoro. Nikatandaza nailoni, nikakaa, nikakunja magoti.

"Ukivunjika mguu nakuacha," binamu akasema, akanisukuma mgongoni.

Alihesabu kwa sauti. Alifika tisa.

Nilipanda nikarudia. Mara ya tatu akataka yeye. Lenana tulifika saa tano kasoro dakika kumi, ndani ya saa ya kugeuka, na mtandao ukashika. Nilimpigia mama. Nilisikia soko nyuma yake, mtu akipigania bei.

"Umefika?"

"Nimefika. Mama, nimeigusa."

"Jaketi imezuia baridi?"

Nikamwambia imezuia, hata upepo hauingii, ni mikono tu imekuwa mirefu.

"Basi zile zilizobaki naongeza mia tano," akasema. "Teremka polepole. Kuna mteja hapa."